Barua ya wazi kwa wanaosimamia barabara zetu: Kabla mvua haijaikata tena njia ya Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,
Kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala ya Barabara Tanzania (TANROADS),
Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara.

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Waheshimiwa, naandika kuhusu barabara itokayo Mbagala, ikapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru, Mchinga na Lindi hadi kufika Mtwara. Ni kilomita 550 hivi za lami. Kwa sisi tunaoishi ng'ambo ya Rufiji, hiyo ndiyo njia ya kwenda hospitali ya rufaa, sokoni, chuoni, na kwenye misiba ya ndugu zetu walioko Dar es Salaam. Ombi langu nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maneno: kabla ya mvua za msimu kuanza mwezi Novemba, kila mahali ambapo maji hukatiza barabara hii kati ya Ndundu, pale kwenye mto Rufiji, na Lindi pakaguliwe upya kwa kipimo cha mvua tunazoziona sasa, na taarifa ya ukaguzi huo isomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya hadhara ya vijiji husika. Yote nitakayoyasema hapa chini yanatoka kwenye ombi hilo au yanarudi kwake.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema, na kwa hilo inastahili shukrani. Maji yakaikata barabara Somanga na sehemu kadhaa kuelekea Nangurukuru, na mabasi, malori na magari madogo yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Waziri aliyekuwepo wakati ule alifika mwenyewe na kukaa na mafundi mpaka magari yakaanza kupita. Kisha Aprili 2025 mvua zikaja tena, na mawasiliano yakakatika Somanga Mtama, pale pale, kwenye njia ya mchepuko iliyowekwa wakati daraja la kudumu likijengwa. Waziri mwingine akaja na mafundi wakakesha tena.

Mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Waheshimiwa. Simnyooshei mtu kidole. Wale mafundi waliosimama ndani ya maji usiku kucha wakipanga mawe wametufanyia kazi kubwa, na mtu yeyote wa Kilwa atawaambia hivyo. Ninachokihoji ni kwa nini kila msimu safari ya mikoa miwili itegemee watu kukesha.

Aliyepita kwa miguu kati ya Somanga na mto Matandu anajua jinsi nchi ile ilivyokaa. Magharibi kuna vilima vya Matumbi, mashariki kuna mikoko na bahari, na barabara imepita katikati juu ya tuta, ikikatiza kila kijito kinachoshuka. Vingi vya vijito hivyo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mgeni hupita na basi asijue kwamba amevuka mto. Lakini mvua kubwa ikinyesha vilimani usiku mmoja, maji hushuka na magogo, matete na udongo mwekundu. Yakifika kwenye kalavati, yaani njia ya kupitishia maji chini ya barabara, magogo hujipanga mdomoni na kuziba. Maji yanakosa pa kutokea, yanajaa upande wa juu wa tuta, yanapanda taratibu, mpaka yanavuka juu ya lami. Yakishavuka, kazi ya kubomoa huanzia upande wa chini, ambako yanaangukia, na tuta linaliwa kwa nyuma hadi lami inabaki inaning'inia. Dereva anayekuja na taa zake usiku huiona lami, haoni kwamba chini hakuna kitu.

Mara nyingi zege la daraja lenyewe husalimika. Kinachoondoka ni maingilio, yaani ule udongo ulioshindiliwa kati ya daraja na barabara. Ndiyo sababu baada ya mafuriko unaweza kuliona daraja zima, halina hata ufa, na gari lisiweze kulifikia. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba daraja fulani ni imara, swali letu ni jingine: je, maingilio yake yamelindwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za chuma, mpaka kimo gani, na upande gani? Na matundu ya kupitishia maji yapo mangapi, yana upana gani? Daraja imara lenye mdomo mwembamba huyageuza maji yakatafute njia pembeni, na pembeni ndipo penye tuta letu.

Bahari nayo ina sehemu yake katika jambo hili, na sijaona ikitajwa. Siku za bamvua, yaani zile za maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda kwa zaidi ya mita 3. Mafuriko ya kijito yakikutana na bamvua, maji ya mto hayatoki. Yanasimama kwenye mikoko na kurudi nyuma, na kimo chake barabarani kinakuwa kikubwa kuliko yale yale yangeshuka wakati wa maji mafu. Mvuvi wa Somanga anajua hesabu hiyo kwa kuutazama mwezi. Wahandisi wana vyombo vyao na naviheshimu, ila nawasihi wakae pia na wavuvi na wazee wa vijiji hivi kabla ya kuchora, kwa maana wao wameyaona maji yalipofika na wanaweza kuwaonyesha kwa kidole.

Tena mvua zenyewe si zile za kuhesabia zamani. Kwa muda mrefu tulizoea kusikia kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na baada ya hapo vizazi viwili vikakua vikilisikia jambo hilo kama simulizi la mababu. Lakini Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani yetu kabisa na kutua Cabo Delgado, huku Mtwara ikiwa katika tahadhari. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu kikapungua nguvu kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya akafika kweli. Daraja hupimwa kwa kuangalia mvua zilizokwisha kurekodiwa, na kama rekodi iliyotumika ni ya miaka ambayo hali ilikuwa tulivu, basi kipimo hicho kirudiwe. Wala nisieleweke kwamba naomba kila kalavati lifumuliwe. Naomba kila kalavati lijulikane: lipo wapi, linabeba maji ya eneo kubwa kiasi gani, lilijaa mara ya mwisho lini, na likijaa tena maji yatapita wapi.

Na juu huko vilimani pia kunahitaji macho. Mkaa unachomwa, mashamba ya ufuta yanafunguliwa kwenye miteremko, na kila mti unaoondoka kando ya kijito ni gogo linaloweza kuja kuziba kalavati. Kilwa ina vijiji vinavyojulikana kwa kutunza misitu yao na kuvuna mpingo kwa utaratibu. Watu wa namna hiyo ndio wa kukaa nao meza moja tunapozungumzia maji ya barabarani. Hii ni kazi ya wizara zaidi ya moja, najua, na hapo ndipo Wakuu wa Mikoa mnapohitajika.

Naomba niseme kidogo tulikotoka, kwa sababu baadhi yenu mlikuwa bado shuleni.

Kabla ya mwaka 2003, safari ya kusini ilikuwa ni kuomba dua. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukijaa au pantoni ikiharibika, abiria walilala kando ya mto na vitoto vyao, na mbele ya mto kulikuwa na tope ambalo gari likizama halitoki leo. Wenye uwezo walipanda ndege, wengine wakasubiri meli. Mtumishi wa serikali akipewa barua ya uhamisho wa kwenda Lindi au Mtwara, ndugu zake walimpa pole. Ndipo likajengwa daraja la mita 970 juu ya Rufiji, likafunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Lami ikafuata kipande kwa kipande: Nangurukuru hadi Mbwemkuru, Mbwemkuru hadi Mingoyo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kikachelewa kuliko vyote, miaka na miaka, hadi wasafiri wakakizoea kama sehemu ya safari ambayo nguo lazima zichafuke.

Lami ilipokamilika, maisha yalibadilika kwa namna ambayo takwimu hazitoshi kuisema. Mwanafunzi wa Nachingwea akaweza kuondoka alfajiri na kulala Dar es Salaam usiku uo huo. Samaki wa Kilwa wakafika soko la Feri, Dar es Salaam, wakiwa na barafu yao. Watu walianza kujenga nyumba za bati kandokando ya barabara kwa sababu waliamini barabara imekuja kukaa. Waheshimiwa, imani hiyo ndiyo inayoharibika kila mawasiliano yanapokatika. Mfanyabiashara aliyepoteza mzigo wa samaki mara mbili hasubiri mara ya tatu, anafunga.

Nikitaja wanaounganishwa na njia hii, sitaweza kuwamaliza. Mkuranga na Kibiti kuna mananasi, korosho na mihogo inayolisha Mbagala kila siku, na kule Nyamisati ndiko watu wa Mafia wanakopandia boti. Ikwiriri na bonde la Rufiji kuna Wandengereko na mpunga wao, watu ambao Aprili 2024, hata kabla ya Hidaya, walikuwa tayari ndani ya mafuriko, Muhoro ikiwa maji matupu. Kutoka vilima vya Matumbi yanashuka machungwa ya Kipatimu, na ni huko huko Nandete ambako mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianzia. Lindi na Mtwara kuna korosho na ufuta. Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, malori hujaa kila njia ya kuelekea maghalani na bandarini Mtwara, na mkulima anasubiri malipo yake kwa stakabadhi ya ghalani. Ni msimu huo huo mvua inapokaribia.

Na Somanga yenyewe, kijiji hiki kinachotajwa kwenye redio kila barabara inapokatika, ni mahali ambapo gesi ya kisiwa cha Songo Songo hutua nchi kavu. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba kwenda kuwasha taa na kuendesha viwanda Dar es Salaam. Bomba la gesi la kutoka Mtwara, lililozinduliwa mwaka 2015, nalo linapita huko huko. Sisi tunajivunia kwamba taifa linawaka kwa kilichotoka kwetu. Lakini itazameni hali hii kwa macho ya mama wa Somanga mwenye ujauzito wa miezi tisa: mali inayopita chini ya ardhi ya kijiji chake inafika Dar es Salaam usiku na mchana, mvua au jua, na yeye barabara ikikatika kusini mwa kijiji hawezi kufika hospitali ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, ikikatika kaskazini hawezi kufika Ikwiriri. Siku za Mei 2024 zilikuwa za namna hiyo. Kama bomba lilipewa uimara wa kutosha kwa sababu taifa linalitegemea, barabara iliyo jirani yake ipewe uzito huo huo, kwa sababu hiyo hiyo.

Wapo watakaosema njia mbadala ipo. Ni kweli, mtu anaweza kutoka Mtwara akapita Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa na Morogoro mpaka Dar es Salaam, lami tupu. Ni zaidi ya kilomita 1,500. Hiyo inamfaa mwenye gari lake na fedha za mafuta. Haimfai mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, wala mwenye samaki. Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale, ambayo ingewafungulia watu wa ndani njia nyingine na kupunguza mzigo huu, bado inasubiri lami kamili. Na bandari tunazo, Kilwa Masoko, Lindi na Mtwara, zote kwenye bahari moja na Dar es Salaam. Sijui kwa nini mpango wa dharura wa kubeba abiria na dawa kwa njia ya bahari usiandikwe sasa wakati kumekauka, ukajulikana ni chombo gani kitakachotumika na nani atakayekilipia, badala ya kutafutwa siku ambayo maji yamekwisha pita.

Nirudi kwenye michepuko, maana hapo ndipo lilipotokea la Aprili 2025. Kujenga daraja jipya ni jambo jema, na wakati linajengwa magari lazima yapite mahali. Lakini mchepuko ukiwekwa chini kwenye mkondo wa kijito, na mabomba machache ya kupitishia maji, unakuwa umeweka kizibo pale pale unapotaka maji yapite. Kiangazi haudhuru. Mvua ikianza, ndio wa kwanza kuondoka. Naomba mikataba yote ya madaraja kwenye njia hii isomwe upya kwa jicho hilo. Kazi za ndani ya mkondo zipangwe kati ya Juni na Oktoba. Mchepuko utakaobaki Novemba uwe umeinuliwa na kupewa matundu ya kutosha, la sivyo liwekwe daraja la chuma la muda. Na mkandarasi alipwe kwa wakati, kwa kuwa mitambo ikisimama Agosti kwa kusubiri hati ya malipo, kazi ya Agosti itakwenda kufanyika Machi ndani ya maji. Fedha za Mfuko wa Barabara tunazichangia sote kila tunapoweka mafuta, mwenye bodaboda wa Mbwemkuru sawa na mwenye basi.

Vifaa vya dharura viwe vimekwisha fika kabla ya mvua. Mawe, madaraja ya chuma ya kufunga na kufungua, kreni na tingatinga viwekwe Nangurukuru na Lindi. Vikiwa Dar es Salaam, na barabara imekatika kati ya Dar es Salaam na sisi, vitapita wapi? Rufiji ina pande mbili, na kila upande wa maji unahitaji akiba yake.

Kuna jambo la usiku ambalo linanitisha kuliko yote. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, nasi tulilipokea kwa furaha. Ila maji hayana saa. Kwenye madaraja na makalavati yanayojulikana kujaa, ziwekwe nguzo zenye vipimo vya kimo cha maji na rangi inayong'aa kwenye taa, ili dereva ajue kama maji yaliyo juu ya lami ni ya kifundo cha mguu au ya kiuno. Pawe na vizuizi vya kufunga njia, na vijana wa kijiji waliofundishwa na kulipwa posho kwa miezi ya mvua, wenye namba moja ya simu ya kupiga polisi na TANROADS. Vijana hao ndio wa kwanza kuona maji yakipanda, kabla ya mtu yeyote wa ofisini. Kuwapa tochi, makoti ya mvua na mamlaka ya kusimamisha basi hakugharimu hata kipande kidogo cha bei ya kalavati moja.

Na magari yakishasimama, abiria ni wa nani? Hili limeachwa hewani. Kwenye foleni ya aina hiyo kuna watoto wachanga, kuna wazee wenye kisukari, kuna maiti wanaosafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Wanakijiji huleta maji, uji na mihogo, wengine bure na wengine kwa bei ya kupanda, na siwalaumu sana hao wa pili kwa sababu nao wamekatikiwa na soko. Lakini kamati za maafa za wilaya ziwe na orodha: shule gani ifunguliwe abiria walale, choo kiko wapi, maji safi yanatoka kwa nani, muuguzi gani anafika. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, nayo iseme bayana nauli inakuwaje basi likishindwa kufika, ili kondakta na abiria wasigombane barabarani juu ya jambo ambalo hakuna kati yao aliyelisababisha.

Mpaka hapa nimezungumza kama mtu aliyekwama, na barabara hii ni zaidi ya shida zake. Mtu akitaka kuijua pwani ya kusini na apite njia hii mwezi Julai, upepo wa kusi ukivuma. Sehemu kubwa ya safari haioni bahari, anaihisi tu kwa harufu na kwa minazi. Halafu Somanga anaanza kupata hewa ya chumvi. Baada ya Mbwemkuru mibuyu inakuwa mingi, na kabla ya Lindi nchi inafunguka na ghuba yote inakuwa mbele yake, maji ya buluu na mashua zilizolala upande kwa maji kupwa. Akifika Mikindani barabara inazunguka maji yaliyotulia, na nyumba za mawe za zamani ziko hapo hapo kando ya lami. Na kutoka Nangurukuru ni mwendo mfupi tu kufika Kilwa Masoko, ambako unavuka kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu. Magofu yake na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa kwa sababu watu walifanya kazi ya kuyatunza.

Kwa uzuri wote huo, hakuna mahali palipoandaliwa kwa ajili ya msafiri kuegesha gari salama aiangalie ghuba ya Lindi, anunue dafu kwa kijana wa pale na kwenda zake. Anasimama ukingoni mwa lami huku semi zikimpita, au hasimami kabisa. Sehemu chache za kuegesha, zenye choo, kivuli na meza za wauzaji, zingewapa akina mama wa korosho na wauza pweza mahali pa heshima pa kufanyia biashara, na zingewaondoa kwenye ukingo wa barabara ambako wanahatarisha maisha kila basi linapofunga breki. Hao akina mama wanaishi na alama za X, za majengo ya kubomolewa, kwenye kuta zao kwa sababu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande. Sipingi sheria. Ila upanuzi ukija, waambiwe mapema, wanaostahili fidia walipwe kabla ya tingatinga kufika, na eneo la biashara lipangwe kwenye michoro tangu mwanzo. Kijiji kilichozaliwa na barabara kisifutwe na barabara hiyo hiyo.

Waheshimiwa, namalizia kwa jambo la utekelezaji. Njooni Nangurukuru kabla ya mwisho wa Oktoba, siku ya gulio watu wakiwa wengi. Leteni ramani ya barabara yenye kila daraja na kila kalavati kutoka Ndundu hadi Lindi. Sisi tutaleta wavuvi wa Somanga, wazee wa Matumbi, madereva wa mabasi na malori, wauguzi wa Kinyonga, na wenyeviti wa vijiji. Twende mahali kwa mahali, tuwaonyeshe alama ambazo maji yameacha kwenye kuta na kwenye mibuyu, nanyi mtuambie kwa kila mahali nini kitafanyika, nani atakifanya, na lini. Yatakayokubaliwa yaandikwe na kubandikwa kwenye ofisi za vijiji, ili mvua zikianza kila mtu awe na karatasi ile ile mkononi.

Tunasubiri mtutajie tarehe, na wenyeviti wa vijiji wataitangaza misikitini, makanisani na sokoni siku hiyo hiyo itakapotufikia.

Wenu katika kulijenga taifa,
Mkazi wa Kilwa na msafiri wa barabara ya Kusini